Kipimo cha Loa

Jioni ile sikuwa na safari kubwa. Nilipita tu nyumbani kwa mama mkwe, Sigurlaug, kuchukua pateni zake kabla nyumba haijauzwa. Yeye tulikuwa tumeshampeleka kwenye nyumba ya wazee, baada ya kiharusi kumpoozesha mikono yote miwili. Jua la Desemba lilikuwa linazama juu ya Gimli, mji wetu mdogo huku Kanada, na ziwa lilikuwa limeganda wiki hiyohiyo.

Boksi lilikuwa chini ya kitanda. Pateni zenyewe ni zile karatasi nyepesi za kukatia nguo, zimezeeka, zinachanika hata ukizipumulia. Nikasema nitazinakili kwenye karatasi ngumu, zisipotee.

"Hayo makaratasi yako yatatuhamisha nyumba hii," mume wangu Baldur akanitania nilipoingia nyumbani kwetu.

Binti yetu Thora, wa miaka saba, alikuwa mezani anakula keki. Nikasogeza sahani, nikanyoosha karatasi ya kwanza kwa pasi ya uvuguvugu, nikasoma mwandiko wa mama mkwe. *Loa, miaka sita.*

Ya pili. *Loa, miaka saba.*

Nikaendelea kukunjua. Loa kumi na mbili. Loa thelathini. Mabega yanapanuka, kiuno kinaongezeka...

Loa ni wifi yangu. Barafu ilipasuka akazama ziwani, akiwa na miaka sita. Hakupatikana.

Baldur akaacha kucheka. "Mama huchora moja kila mwaka, ziwa likiganda. Usiniulize kwa nini. Zirudishe ndani ya boksi."

Nikazirudisha. Ya mwaka ule, mwaka wa kiharusi, haikuwemo.

Asubuhi Thora akaja jikoni, mikono ya gauni imemfunika vidole.

"Mama, gauni limekua."

Nikacheka. Lakini gauni lile nililishona mwenyewe, na juzi tu lilikuwa linambana. Kesho yake viatu vikaanza kumvuka. Nikachukua tepu, nikampima mgongo, nikampima tena.

Mtoto alikuwa anapungua.

Daktari akasema nimekosea kupima. Akampima yeye mwenyewe... akaenda kutafuta tepu nyingine.

Nyumba nzima ikaanza kunuka maji ya ziwa. Na kutoka chumba cha cherehani nikasikia kile kigurudumu chenye meno, cha kunakilia pateni.

Trrr... trrr...

Chumbani hamkuwa na mtu.

Nikakimbilia kwa mama mkwe. Alinitazama kama mtu aliyekuwa ananisubiri.

"Umemchorea?" akanong'ona.

"Mama, Thora anapungua."

"Baldur naye alipungua utotoni. Mwaka mmoja nilikataa kuchora..." Machozi yakamtoka, hana mkono wa kuyafuta. "Loa kule chini hana umbo, mwanangu. Asipopewa la kwake, anachukua la mtoto aliye karibu."

"Nani alikwambia hayo?"

Akageuza macho upande wa ziwa.

"Basi niambie, nitampimaje mtu ambaye hayupo?"

"Tandaza karatasi tu. Atajilaza mwenyewe."

Jioni ileile nilitandaza karatasi sakafuni, nikapiga magoti na penseli yangu. Baridi ikaja kwanza. Halafu ile harufu. Halafu karatasi ikaanza kulowa... kisigino... nyonga... bega. Mwili wa mwanamke mtu mzima, mzito.

Karatasi ikainuka pale kifuani.

Ikashuka.

Ikainuka tena.

Nikachora. Ningefanya nini? Nilizunguka kwapa, nikazunguka shingo, nikihofia penseli isije ikagusa kitu. Nilipomaliza, karatasi ilikuwa imekauka, na magoti yangu yalikuwa yamelowa chapachapa.

Asubuhi mikono ya gauni ikamwishia Thora kwenye vifundo vya mikono, pale pale ilipokuwa ikiishia zamani. Baldur alimkumbatia mtoto hadi akalalamika.

"Tunahama," akasema.

Tukahamia mji wa Calgary kabla theluji haijayeyuka. Tukaliacha lile ziwa mbali sana, siku nzima ya barabara na zaidi. Boksi sikulichukua. Mwaka mzima Thora alikua vizuri, nikaanza kulala usingizi wa watu.

Desemba ilipoingia, soksi zikaanza kumshuka.

Sikumwambia Baldur, lakini alijua. Alivaa koti, akaenda kukaa garini, injini ikinguruma, ili asisikie. Mimi nikatandaza karatasi. Ikalowa. Ikainuka. Nikachora huku nimeuma meno, nikafika begani.

Nyuma yangu nikasikia pumzi.

Thora alikuwa amesimama mlangoni, gauni la kulalia linaburura. Hakuwa ananitazama mimi. Alikuwa anatazama sakafuni, anaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtoto anayesikiliza maagizo.

"Mama," akanong'ona, "shangazi anasema hapo begani umekosea."

Nikafuta. Nikachora upya.