Masikio Hayazoei Nyundo

Patrobas ni fundi wa masanduku ya bati huko Shauri Moyo. Kutwa anagonga bati kwa nyundo, na wenzake wanagonga pande zote. Jioni hurudi nyumbani masikio yakivuma.

Jioni moja binti yake, Millicent, aliombea chakula. Mama yake, Nekesa, akaitikia amina. Patrobas alibaki amefumba macho. Kisha akafoka.

"Utaomba lini? Ama hata Mungu unamnong'oneza kama unavyoninong'oneza mimi?"

Mtoto alilia. Alikuwa ameshaomba.

"Baba Millie, usimwonee mtoto," Nekesa alisema. "Wewe ndiye husikii."

Patrobas alijibu kwamba masikio yake ni ya fundi, yamezoea kelele. Nekesa alitoka akamwita jirani yao Muthoki, muuguzi wa kliniki ya masikio.

Muthoki alimuuliza Patrobas kama Jumatatu asubuhi, baada ya mapumziko ya Jumapili, anasikia afadhali. Patrobas alikubali.

"Basi hayajazoea. Yamechoka."

Alieleza kuwa ndani kabisa ya sikio kuna seli ndogo zenye vinyweleo. Baadhi hupeleka habari za sauti kwenye ubongo. Nyingine hukuza sauti hafifu, kama ya mtoto. Ubongo nao hurudisha ishara kupitia mishipa ya fahamu. Kelele ikizidi, ishara hiyo huzituliza seli zinazokuza sauti.

"Kumbe ubongo unanilinda," Patrobas alisema.

"Unajaribu. Lakini nyundo hupiga ghafla. Ishara ikifika, pigo limeshaingia. Na wewe unagonga kutwa. Seli iliyochoka hupata nafuu. Iliyokufa haioti tena. Mbona huvai kinga?"

Patrobas aliinama. Kule kazini, anayeziba masikio huambiwa ametiwa pamba kama maiti.

Nekesa alisimama. "Yaani mwanangu analizwa hapa kwa sababu wewe unaogopa kuchekwa?"

Muthoki alisema pamba haitoshi hata hivyo. Avae vifuniko vya masikio vya kazini, apumzike mbali na kelele, na aje apimwe.

Alipimwa. Sehemu ya usikivu ilikuwa imepotea, na Muthoki hakumficha kwamba haitarudi. Patrobas alirudi kazini na vifuniko.

"Niaje, maiti?" Shiundu, fundi mwenzake, alimwita wakati wa chai. Wote wakacheka.

Shiundu alipogeukia chai yake, Patrobas alivua vifuniko, akasimama nyuma yake. Alimwita kwa sauti ya kawaida. Shiundu hakugeuka. Akamwita tena. Wengine wakaacha kucheka.

Patrobas alimgusa bega. "Nimekuita mara mbili. Maiti ni nani?"

Siku zilipita. Jioni masikio hayakuvuma tena kama zamani. Millicent aliomba kwa sauti yake ile ile ndogo.

"Amina," Patrobas alisema, kabla ya mkewe.

Nekesa bado ana hasira kwa usikivu uliopotea. Kila asubuhi hamfungulii mumewe mlango mpaka aone vifuniko shingoni.