Jibu la Jana

Kilichomtia Mustapha hofu ni mzaha. Si simba, si jua, wala si askari wa bomani na kiboko chake. Mzaha tu, tena mzaha mzuri, uliowahi kuwachekesha watu kuanzia stesheni ya Dodoma mpaka Kondoa. Ubaya wake ulikuwa mmoja: aliusikia ukirudiwa.

Lakini twende polepole. Maksai hawapigwi mjeledi kabla ya kufungwa nira.

Miaka hiyo Mjerumani alikuwa ameshaifikisha reli yake Dodoma, na mizigo ya Kondoa ikawa inashushwa pale stesheni kungoja magari ya maksai. Gari la Mustapha lilivutwa na maksai wanne. Wa mbele kushoto aliitwa Serikali, kwa sababu alikula kuliko wote na kuvuta kidogo kuliko wote. Akipita askari, jina lake lilibadilika papo hapo akawa Shemeji.

Gari la namna ile haliendeshwi na mtu mmoja. Mmoja hukaa juu na mjeledi, mwingine hutangulia kwa miguu ameshika kamba ya maksai wa mbele. Usiku mmoja hulala, mwingine huchochea moto, maana simba wa nyika ile hawana siku ya mapumziko. Mustapha, Mrangi wa Kondoa, alikuwa wa juu. Wa mbele alikuwa Kefa, Mgogo wa Mvumi, mrefu kama nguzo ya simu, Mkristo wa misheni aliyeimba nyimbo za kanisa kwa sauti ya kufukuzia ndege shambani.

Adui wao mkubwa alikuwa usingizi. Tambarare ile njia imenyooka, gurudumu linalia wimbo uleule kutwa nzima, vumbi limesimama hewani, na jua la utosi linakuja kukuwekea kiganja juu ya kope kama mama anayembembeleza mtoto. Aliye juu akisinzia, gari hutoka njiani likaingia korongoni. Watu walishakufa hivyo, wao na maksai wao.

Kwa hiyo wenye magari walikuwa na ada yao. Kila baada ya kitambo mmoja huuliza, "Uko macho?" na mwenzake lazima ajibu, tena ajibu jambo jipya. Jibu la jana halikubaliwi. Jibu la jana hata aliyelala analo mdomoni.

"Uko macho?" Mustapha alikuwa akipaza sauti.

"Macho kama mwizi wa kuku!" Kefa alikuwa akijibu bila kugeuka. "Na wewe huko juu, Sultani?"

"Macho kama bwana harusi aliyesikia mkwe anakohoa!"

"Lete lingine, hilo limezeeka kabla halijazaliwa!"

Miaka yote waliyotembea pamoja hawakurudia jibu hata moja. Kefa alikuwa akiyatunga usiku kwenye zamu yake ya moto, akicheka peke yake, na Mustapha chini ya blanketi akijifanya amelala ili asimharibie.

Kisha homa ikamshika Kefa palepale Dodoma, wakati wanangoja mzigo. Haikumpa nafasi hata ya kutunga mzaha wa kuagia. Mustapha alikwenda mazikoni, akasimama pembeni ya watu wa kanisa, kwa sababu hakujua wakati gani wanakaa na wakati gani wanasimama. Wakasimama, akakaa. Wakakaa, akasimama. Kefa angekuwepo angecheka mpaka aangukie kaburini mwake mwenyewe.

Mtangulizi mwingine hakupatikana. Vijana wote wenye nguvu walikuwa wamekwenda magharibi kutandika reli. Mmoja, Filipo, alikubali, akaziona pembe za Serikali, akakumbuka ghafla kwamba mama yake ni mgonjwa. Chumvi ilikuwa ikingojwa Kondoa, na mkewe Mustapha, Mwantum, naye alikuwa akimngoja. Akaondoka peke yake.

Alipopita Msalato watu walimwambia, "Ndugu, gari hili na mtu mmoja?" Akawacheka. Lakini usiku alikesha mwenyewe akichochea moto, na mchana akakaa mwenyewe juu ya gari, na kamba ya Kefa ikaburuzika mbele ya maksai ikichora mavumbini mstari usio na mwenyewe.

Ilikuwa jua la utosi, vilima vya Chenene vikielea mbele kama vimechemshwa. Kope zilikuwa zimeshuka. Mdomo wake, kwa mazoea tu, kama mkono unavyomfukuza nzi, ukasema:

"Uko macho?"

Gurudumu likalia. Halafu, kutoka nyuma, katikati ya magunia ya chumvi:

"Macho kama mwizi wa kuku!"

Mustapha alicheka na macho yamefumba. Kifua kilichokuwa kimebana tangu mazikoni kikafunguka. "Panda vizuri, ndugu yangu," akasema. "Utaanguka."

Ndipo alipozinduka.

Nyuma hapakuwa na mtu. Magunia yalikuwa yamekaa kama alivyoyapanga, ila moja lilikuwa limebonyea katikati, kama mahali palipokaliwa. Na hewa, katika nyika ile iliyokuwa haijaona mvua kwa miezi, ilinuka maziwa ya moto. Maksai wote walikuwa wamesimama, wamelaza masikio. Alipowapiga mjeledi waliondoka, lakini waliinamisha vichwa wakivuta, kama gari limeongezwa mzigo.

"Uko macho?" ile sauti ikauliza.

Angenyamaza. Mimi na wewe, tuliokaa kivulini, tungenyamaza. Lakini yeye alikuwa hajasikia sauti ya mtu tangu Msalato, na hii ilikuwa ya Kefa, pamoja na ule mkwaruzo wake wa tumbaku. Akanong'ona, "Macho kama... macho kama mjane."

Sauti ikacheka. Ikacheka vizuri, cheko lenyewe la Kefa, na gunia la karibu zaidi likabonyea.

Wakaenda hivyo. Iliuliza, akajibu, na kila alipojibu ilisogea, gunia kwa gunia, na kila iliposogea ile harufu ya maziwa ilizidi kuwa nzito na tamu na kope zake zikawa kama zimepakwa asali. Mwishowe akauliza yeye, kwa sababu alitaka kusikia mzaha mpya, mmoja tu, wa kumfikisha kwenye kisima cha mbele njiani: "Na wewe, Kefa? Uko macho?"

Ikajibu sikioni mwake, kwa sauti ileile, kwa mkazo uleule, na pumzi yake haikuwa na joto.

"Macho kama mwizi wa kuku!"

Kefa hakurudia. Kefa angekufa kwanza, na kweli alikuwa amekufa, na hakurudia. Mustapha alitaka kuruka chini lakini mwili ulikuwa umeshalala kabla yake, mikono imelala, miguu imelala, akabaki yeye tu ndani, macho kodo, akihisi mjeledi ukichukuliwa polepole vidoleni mwake.

Kilichomwamsha ni mtikisiko. Gari lilikuwa limetoka njiani na kusimama ukingoni mwa korongo refu, udongo ukimomonyoka chini ya kwato. Maksai watatu walikuwa wakisukumwa kwenda na mjeledi uliokuwa ukilia hewani bila mkono. Wa nne alikuwa amekita miguu ya mbele na kukataa katakata. Siku ile, kwa mara ya kwanza, Serikali alifanya kazi. Mustapha akaruka chini, akawageuza maksai kwa mikono, akalirudisha gari njiani.

Kijiji cha mbele, Haneti, kulikuwa na mama mmoja mpika pombe, Bi Mwamvua, aliyejulikana pia kwa kutoa watu mashetani. Aliliona gari likija akatoka mbio na mwiko mkononi.

"Simama hapohapo! Usiniletee hicho kitu kwenye pombe yangu!"

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Simama!" Akanusa hewa, uso ukamkunjamana. "Maziwa. Ulimkaribisha?"

"Sikumkaribisha, mama. Nilisema tu 'panda vizuri'."

"Na panda ni nini, kufukuza?" Akashusha sauti, akawa ananong'ona, naye Mustapha akanong'ona, kama watu walio karibu na mtoto aliyelala. "Huyo ni jini wa jua la utosi. Hana sauti yake, hana neno lake. Anaokota ya watu walioachwa njiani. Kila anapojibiwa anapata pa kukaa. Ameshakaa wapi?"

"Begani, mama."

Mwamvua alirudi nyuma hatua. "Basi hapo juu si pako tena. Anayesafiri na usingizi hushuka akatembea, hata bila jini. Wewe shika kamba ya mwenzako, tangulia mpaka mlangoni kwako. Usigeuke. Akiuliza, usimjibu. Siku utakayofika, jua la utosi likipita hajajibiwa, atakosa pa kukaa, atarudi porini kwake."

"Na nikimjibu?"

"Sio wewe tu. Yeyote wa kwako akimjibu, amempa nyumba." Akamtazama, na kwa mara ya kwanza akamhurumia. "Sauti ya nani?"

"Ya rafiki yangu."

"Pole, mwanangu. Hiyo ndiyo mbaya kuliko zote."

Mustapha akaiokota kamba, akatembea. Nyuma yake mjeledi ulilia kwa wakati wake, sawasawa kabisa, kama anavyoupiga yeye mwenyewe, na maksai wakaenda, maana walimwona yeye mbele na hawakutaka kumwona aliye nyuma. Jua lilipofika utosini, sauti ikaanza: uko macho, uko macho, kwanza kwa furaha, kisha kwa uchovu, kisha ikaimba zile nyimbo za kanisa ubeti kwa ubeti, ikafika mahali Kefa alipokuwa akisahau maneno, nayo ikayasahau hapohapo, halafu ikakohoa, si kikohozi cha vumbi bali kile cha siku ya mwisho kule Dodoma, ambacho Mustapha alikisikia peke yake chumbani na hakumsimulia mtu, na yeye akaiuma shingo ya kanzu yake akatembea, machozi na vumbi vikimfanyia tope usoni, huku majibu yakimjaa mdomoni, mapya, mazuri kuliko yote aliyowahi kuyatunga, yakija moja juu ya lingine kama mbuzi mlangoni mwa zizi, na duniani kote hapakuwa na mtu wa kumpa hata moja.

Usiku sauti ilinyamaza, lakini moto ulitaka kuchochewa, akakesha. Alivuka mabonde akiwa amelala kwa jicho moja. Maneno yalimtoka kichwani, akasahau jina la gari, jina la chumvi, akakumbuka tu kwamba asijibu. Kumbe kukumbuka usijibu ni jambo moja, na kukumbuka kumwambia mwenzako ni jambo jingine.

Aliingia Kondoa asubuhi. Akawafungua maksai nira uani kwake, Serikali wa kwanza. Gari likabaki peke yake chini ya ukuta, na lilipoachiwa likashuka nyuma, upande wa magunia, kama mtu aliyekaa vizuri.

Mwantum alitoka akifuta mikono, akasimama, akashika mdomo. "Baba! Umekuwaje? Kefa yuko wapi?"

Alifungua kinywa. Ulimi ulikuwa mzito kama ngozi mbichi. Mwantum hakungoja, alimkamata kiunoni, akamwingiza ndani, akamvua makubazi, akammwagia maji miguuni. Maji yalikuwa baridi. Mkeka ulikuwa laini. Mlango ulikuwa wazi, na kivuli cha kizingiti kilikuwa kifupi, kikizidi kufupika.

"Mwantum," akasema. "Akiita mtu..."

"Akiita mtu nitamkaribisha. Lala, baba watoto."

"Hapana. Akiita mtu, usi..."

Na kiganja kikamshukia juu ya kope.

Alilala, lakini masikio yalikuwa macho. Aliwasikia kuku wakikwangua uani, kisha akawasikia wameacha. Alimsikia Mwantum akipepeta nafaka, akiimba kwa furaha ndogo ya mtu aliyerudishiwa wake. Akasikia ubao wa gari ukilia, kama unavyolia mtu akishuka. Alitaka kupiga kelele. Kelele ilibaki kifuani, imelala pamoja na mikono na miguu.

"Uko macho?" sauti ikauliza toka uani, kwa mkwaruzo wake wa tumbaku.

Ungo ukanyamaza. Mwantum akacheka. Alikuwa akiujua mchezo ule. Mara ngapi amewapikia wawili hao wakitaniana mlangoni.

"Amelala, shemeji!" akaitikia. "Leo nakujibu mimi: macho kama chungu kinachongoja mgeni! Mbona umesimama juani kama nguzo? Ingia ndani upoe, nikuchotee maji."

Kivuli cha kizingiti kilikuwa kimekwisha. Harufu ya maziwa ya moto ikaingia, na Mustapha akausikia mkeka ukibonyea, polepole, ubavuni mwake.

"Karibu, shemeji," sauti ya Mwantum ikasema toka penye mtungi wa maji. Halafu ikasema kwa mshangao kidogo, "Shemeji? Umepita wapi?"

Aliyemjibu alijibu sikioni mwa Mustapha, bila joto.

"Macho kama mwizi wa kuku!"