Tuta Lililokataa Kuzibwa

Jioni ile nilirudi shambani kufuata majembe tu. Tulikuwa tumeyasahau juu ya tuta, na mto ulikuwa unapanda. Kama yangelala pale, yangechukuliwa na maji. Goretti, jirani yangu na kibarua mwenzangu, alitaka tufuatane, lakini nikamwambia abaki nyumbani apumzike. Alikuwa amelia kutwa nzima.

Shamba letu lilikuwa ukingoni mwa Nile, mwendo mfupi wa boda kutoka Lemon Gaba, mtaa wa Juba tulikopanga. Tulilima kudra, mboga ya majani ya huku, na bamia na sukuma wiki, tukauza soko la Jebel. Mwenye shamba alikuwa Romano, mtu wa Juba aliyekulia ukimbizini Uganda, kwa hiyo sisi tuliotoka Uganda tulielewana naye kwa lugha. Kwa mambo mengine ilikuwa taabu.

Mwaka ule mto ulikataa kushuka. Bamia ilioza ikiwa imesimama. Sukuma ikazama. Ikabaki kudra peke yake, nyuma ya tuta la udongo tulilolijenga kwa mikono yetu, na usiku mmoja wa mvua kubwa tuta likakatika. Asubuhi tukakuta pengo pana kama mlango wa kanisa, na mwenzetu Majur hayupo. Majur alikuwa kijana wa Bor, mji ulio mbali kaskazini, mrefu, mpole, kibarua kama sisi. Jana yake aligombana na Romano kwa sababu ya kulazimishwa kufanya kazi mvuani. Romano akasema kijana ametoroka kwenda kwao, tena ameondoka na jembe na gambuti za shamba. Vibarua huondoka kila siku. Hakuna aliyeuliza zaidi.

Tukaziba pengo kwa magunia ya mchanga. Migongo ikatuuma hadi tukashindwa kuinama kupika.

Asubuhi likawa wazi tena.

Maji hayakuwa yameyabeba magunia. Tuliyakuta yamepangwa upande wa ndani, moja juu ya jingine, vizuri, kama yanavyopangwa ghalani. Tukaziba upya. Kesho yake, vilevile. Siku baada ya siku tukawa tunabeba magunia yaleyale kuyarudisha palepale, huku kudra inazidi kugeuka njano. Mtu anaweza kuvumilia kazi ngumu. Kazi inayofutwa kila usiku inakutafuna moyo.

Romano akasema kuna mkono wa mtu. Akaleta kujur, mganga wa kutoka Jebel. Yule mzee alizunguka shamba lote, akanusa hewa, kisha akasimama mbele ya Goretti na kumnyooshea kidole. Goretti alikuwa mjane, anaishi peke yake, hana ndugu Juba. Mtu wa namna hiyo ni rahisi kunyooshewa kidole. Romano akamwambia tuta likifunguka tena, atampeleka mbele ya wazee naye Goretti hatakanyaga tena shamba la mtu yeyote ukingo huu.

Ndiyo maana alikuwa analia. Ndiyo maana nilikuwa nimejaa hasira jioni ile, nikipita kwenye matope na maji ya magotini.

Jua lilikuwa limeshazama, mwanga kidogo ukibaki juu ya mto. Vyura walikuwa wanalia kila upande.

Kisha wakanyamaza. Wote. Mara moja.

Pwaa...

Sauti ya kitu kizito kikitua.

Nikasimama. Harufu ikanifikia, harufu ya tope la chini kabisa, lile ambalo halijawahi kuona jua.

Pwaa...

Nikasogea. Mtu alikuwa kwenye pengo, maji yamemfika kiunoni, amenipa mgongo. Aling'oa gunia, akalitia bega la kushoto, akainamisha shingo upande, akalipeleka ndani na kulipanga juu ya mengine. Bila haraka. Nikaijua shingo ile. Kati yetu sote, mmoja tu alibeba mzigo hivyo.

Sikuogopa. Nilifurahi kwanza, kisha nikakasirika. Kumbe Majur hajaenda Bor. Kumbe yuko hapa, analipiza kwa Romano, na anayeumia ni sisi.

"Majur," nikamwambia. "Dada Goretti anaitwa mchawi kwa sababu yako. Acha."

Akasimama. Hakugeuka.

"Dada Shallon," akasema, taratibu sana. "Ni mzito."

"Nini mzito?"

"Huu mzigo. Kila siku mnaongeza."

Hapo nikatazama maji. Yalikuwa yanaingia shambani kwa nguvu, yanapinda kwenye kila gunia, kwenye kila mti, yanatoa povu.

Kwake hayakupinda.

Yalipita pale aliposimama kana kwamba hakuna mtu.

Akageuka. Akafungua mdomo aongeze neno.

Yakatoka matope.

Majembe sikuyachukua. Sijui nilifikaje Lemon Gaba. Nilimkuta Goretti mlangoni kwake, nikamweleza yote. Nilidhani ataniambia nimechoka. Badala yake akanong'ona, "Tumemzika chini ya magunia bila kumwombea."

Tukampigia Romano simu kwake mtaa wa Atlabara. Akasema wanawake tunafichiana, na kesho lori la kifusi litakuja kuziba pengo moja kwa moja. Kisha simu ikakatwa. Nikaipiga tena na tena, hakupokea.

Alfajiri, kabla ya lori, tulikuwa kwenye tuta, mimi na Goretti na vibarua wengine wawili aliowagongea milango. Tukaanza kung'oa magunia. Tangu nilipomkimbia jioni, hakuna jingine lililokuwa limeguswa. Kila tuliloliondoa, mto uliingia zaidi. Niliiona kudra ikilala, mstari baada ya mstari, jasho letu la msimu mzima, chakula chetu. Mmoja wa wale wawili akasema tuache, tunajiua wenyewe. Goretti akainamia gunia jingine.

Romano alifika nasi tukiwa ndani ya maji mpaka kifuani. "Mmeniulia shamba," akasema. Akarudia, "Mmeniulia shamba," akishuka kutufuata, mkono juu.

Wakati huohuo mguu wangu ukagusa mpira.

Ilikuwa gambuti, na ndani yake mguu. Tukazama kwa zamu, tukakwangua tope kwa vidole. Majur alikuwa amelala kifudifudi chini kabisa ya pengo, mikono miwili imeshika jembe, bapa lake limekita kwenye msingi wa tuta. Hakuwa ametoroka. Alikuwa amebaki peke yake mvuani kuliokoa shamba, ukingo ukamwangukia, nasi tukampangia magunia mgongoni siku zote zile.

Romano alikaa kwenye matope na suruali yake safi. Lori lilipokuja alilipungia mkono lirudi.

Polisi walikuja, wakaandika, wakaondoka. Simu ya dada yake Majur, Athian, haikupatikana. Bor nako maji yalikuwa yamefika mpaka majumbani, mtandao ukifa na kufufuka. Maiti haikuweza kusubiri. Tulimzika, padri akasoma, Goretti akaimba. Hakuna aliyemwomba Goretti msamaha. Romano alimpa mkono tu kaburini, akitazama chini, kisha akasema kazi hamna tena, khalas, kila mtu atafute pake. Hilo liliniuma kuliko nilivyotarajia.

Baada ya mazishi, Athian akapatikana. Nilijitambulisha, nikamwambia ni habari mbaya kuhusu kaka yake. Nikaeleza kwa upole nilivyoweza, tuta, mvua, tulikomkuta, tulikomzika.

Nilidhani simu imekatika.

"Dada," akanong'ona, "umemzika nani?"

Nikamwambia, Majur.

"Majur yuko hapa."

Nikaketi.

Akanieleza kwa sauti ya mtu asiyetaka kusikika chumba cha pili. Majur alifika kwao usiku mmoja wa mvua kubwa. Hali chakula. Hasemi. Mkeka wake haukauki hata ukianikwa juani. Mchana anakaa akitazama ukuta. Jua likizama anatoka, na kabla ya mapambazuko anarudi, mabega yamechubuka, amechoka kama aliyebeba mizigo.

"Leo jua limezama," Athian akasema, "na hakutoka. Amekaa. Ananitazama nikiongea na wewe."

Nikaibana simu sikioni.

"Hajui kama amekufa," akanong'ona. "Dada Shallon, hajui kabisa. Nimwambie nini?"