Kiganja Mgongoni mwa Rudaina

Umeme ulikatika saa nane mchana, kama ratiba ilivyosema, na ilipofika saa nane na robo Wisal akasikia kitanda cha jua, kile cha taa za kuwapa wateja rangi ya jua, kinanguruma.

Alikuwa peke yake saluni, amesogeza kiti karibu na hita ya gesi, mgongo unamuuma kama kawaida ya mwanamke aliyeinamia vichwa vya watu miaka ishirini. Alidhani ni friji. Friji ilikuwa kimya. Jenereta la mtaa lilimletea ampea tano tu, za taa mbili na mashine ya kukaushia nywele, tena kama mteja hana haraka. Ukithubutu kuwasha kitanda kwa ampea tano, unazima nyumba kumi, na mwenye jenereta anakuja kusimama mlangoni kukutukana mbele ya wateja. Ndiyo maana miadi ya kitanda ilifuata umeme wa serikali, na wanawake wa mtaa wa Abu Samra waliijua ratiba ya umeme kuliko siku za kuzaliwa za waume zao.

Akaenda chumba cha nyuma. Chini ya mlango palikuwa na mstari wa mwanga wa zambarau. Alipofungua, mwanga haukuwepo. Kitanda kilikuwa palepale, kimefunga kifuniko chake kama sanduku kubwa, taa zake za tyubu zote zimezimika, juu na chini. Akagusa kioo. Kilikuwa cha moto kama sufuria iliyoepuliwa sasa hivi, na chumba kilinuka nywele zilizoungua.

"Ni waya," alisema kwa sauti, ingawa hakukuwa na wa kumsikia. Watu wa mji huu wa Trablus wana sababu tayari ya kila jambo la umeme. Akarudi kwenye hita yake.

Kitanda kile alikinunua kwa ajili ya maharusi. Bibi harusi wa majira ya baridi hataki kuingia ukumbini mweupe kama jibini. Anataka rangi ya mtu aliyetoka baharini, na kama bahari yenyewe ni ya baridi, basi Wisal alikuwa na bahari chumba cha nyuma, dakika kumi kumi. Lakini mtu aliyekitumia kuliko wote hakuwa mteja. Alikuwa mdogo wake, Rudaina.

Rudaina alikuwa na miaka ishirini na tisa. Tangu alipokuwa na kumi na minne ngozi yake ilikuwa ikitoa vigaga: viwikoni, magotini, kiunoni, vyekundu, vinamenyuka kama magamba ya samaki. Alivaa mikono mirefu hata Agosti. Alipakwa matope ya Bahari ya Chumvi, alipakwa lami ya dawa, alikunywa vitu ambavyo hata mbuzi angegoma. Mchumba wa kwanza aliviona viwiko vyake kwa bahati mbaya, akatuma mama yake aje kuomba radhi na kuvunja uchumba. Kisha alipochumbiwa na Muhannad, mwalimu wa hesabu asiyekuwa na maneno mengi, Wisal akamwambia, njoo ulale humu, si wanasema mwanga unasaidia? Ikapita mwezi. Viwiko vikawa safi. Rudaina alikaa mbele ya kioo cha saluni amekunja mikono ya blauzi, akalia mpaka wateja wakalia naye.

Daktari Munira, aliyekuwa akija kupaka mvi zake rangi, hakulia.

"Wisal, mwanga wa hospitali unapimwa. Huu wako unapimwa na nani?"

"Na saa ya ukutani, daktari."

"Unacheka. Saratani ya ngozi haiji na ngoma. Inaanza na kidoa, unasema ni uzuri."

"Ya miaka ishirini ijayo hiyo. Harusi ni ya wiki tatu zijazo."

"Sijasema asiolewe. Nimesema mpeleke hospitali."

Wisal alimsugua kichwa taratibu zaidi, kama mtu anayemtuliza mtoto. Kwa kweli alikuwa amelipima jambo lile usiku na mchana. Upande mmoja kulikuwa na kidoa ambacho huenda kisije kamwe. Upande wa pili kulikuwa na kiwiko cha mdogo wake, safi, leo. Nani angechagua vingine?

Jioni hiyo ya waya, umeme ulirudi saa kumi na moja, na Rudaina akaja kwa dakika zake kumi. Sheria ya kitanda ilikuwa moja: vua kila kitu. Saa, pete, herini, cheni, kwa sababu chuma kinashika moto na chochote kinachokulalia kinaacha alama nyeupe. Palikuwa na kisahani cha kioo mlangoni. Wanawake waliacha humo vikuku vyao, ushanga wao wa buluu wa kukinga kijicho, na Rudaina aliacha hirizi ya fedha yenye Ayatul Kursi, aliyovishwa na marehemu mama yao siku alipozaliwa, ambayo kabla ya kitanda hakuwahi kuivua.

Alitoka amejifunga taulo. "Dada, hebu angalia mgongoni. Nimelalia nini?"

Kwenye bega la kushoto, katikati ya ngozi ya rangi ya shaba, palikuwa na kiganja cheupe. Vidole vitano, vimetandazwa.

"Ulijishika?"

"Nijishike hapo kwa mkono gani?"

Wisal aliweka mkono wake juu ya alama ile. Vidole vyake viliishia katikati ya vidole vile. Akauondoa mkono haraka, akasema ni mkunjo wa taulo, na Rudaina akakubali upesi mno.

Siku ya pili vilikuwa viwili, kiunoni. Siku ya tatu kimoja kilikuwa tumboni, ambako mtu aliyelala chali hajalalia kitu, na Wisal akafunga mlango wa saluni, akageuza kibao kisomeke 'Tumefunga', akamkalisha mdogo wake kwenye kiti cha kuoshea nywele.

"Sema."

Rudaina alitazama magoti yake. Yalikuwa laini kama ya mtoto. "Kuna mtu humo," alinong'ona. "Anapumua pamoja na feni. Feni ikinguruma, naye ananguruma."

"Tangu lini?"

"Tangu wiki ya pili."

"Na unalala tu?"

"Ningekwambia, ungekizima." Akalisugua goti kwa kidole. "Hanifanyi kitu, dada. Ananiuliza tu. Anauliza, bado wapi? Namwambia, magotini. Kesho yake magoti yanakuwa safi. Namwambia, kiunoni. Unaona mwenyewe. Kimebaki kimoja tu, hapa chini ya titi, kidogo kama ukucha. Mara moja tu, basi. Nimeomba tangu nina miaka kumi na minne, na huyu ndiye aliyeniuliza."

Wisal angeweza kukataa. Alisema hivyo baadaye, kwa kila aliyetaka kumsikiliza. Badala yake alisema atakaa naye chumbani, mkono juu ya swichi, na hilo lilionekana kwake wakati ule kuwa ni busara.

Dakika ya kwanza ilikuwa mwanga na feni tu. Ya pili, ya tatu, vilevile, na Wisal akaanza kujicheka. Dakika ya nne taa ya dari ikazimika, redio ya jirani ikanyamaza, umeme wa serikali umekatika kabla ya saa yake, na kitanda hakikuzimika. Akabonyeza swichi, hakikuzimika, akachomoa waya ukutani na kusimama nao mkononi, ncha zake tatu zinamtazama, na zambarau ile ikazidi kuwa kali mpaka kuta zikaonekana zinasogea, na feni ikaacha kunguruma kama feni ikaanza kuvuta pumzi, kuvuta na kutoa, kuvuta na kutoa, na harufu ya nywele zilizoungua ikamjaa kooni, naye akainama kuinua kifuniko na kifuniko hakikuinuka, akachungulia kwenye ule mwanya wa ubavuni akauona mguu wa mdogo wake, mtulivu, kucha zimepakwa rangi ya waridi, na kando ya mguu ule, umegusana nao kama miguu ya mke na mume kitandani, akauona mguu mwingine, mrefu, usiokuwa na rangi yoyote kwa sababu mwanga ulipita ndani yake, na vidole vya mguu ule vikajikunja polepole kama vya mtu anayejisikia vizuri.

Alichokifanya hakukifikiri. Alichota hirizi kwenye kisahani akaitupa kwenye mwanya. Kikasikika kitu kama tone la maji kwenye mafuta ya moto. Giza likaingia, kifuniko kikalegea, na Rudaina akatoka, jasho linamtoka, huku kiganja cheupe kimemlalia juu ya moyo.

Hajja Badriya, bibi wa mtaani anayeagua kijicho na majini, alikuja kesho yake asubuhi, na jiko lake dogo na kipande cha madini ya risasi ndani ya soksi. Alimfunika Rudaina shuka jeupe, akamwambia Wisal ashike beseni la maji juu ya kichwa cha mdogo wake, akaimwaga risasi iliyoyeyuka. Maji yalilia. Akaitoa ile risasi kwa koleo, akaigeuza, akaigeuza tena. Wisal aliona umbo la vidole bila kuambiwa.

"Nani alimvua hirizi?" Hajja aliuliza, sauti ya chini.

"Chuma kinaacha alama, Hajja."

"Kumbe. Mmemlaza msichana ndani ya moto, hana nguo, hana jina la Mungu mwilini, kila siku, saa ileile. Huyu hakuvamia, mwanangu. Huyu alikaribishwa." Akaifunga risasi kwenye kitambaa. "Kitanda kivunjwe. Hirizi isitoke shingoni, hata akioga. Na nisikilizeni vizuri: akiondoka, ataondoka na alichokileta. Vile vigaga vitarudi. Siku mtakayoviona, chinjeni kuku mshukuru Mungu."

Chini ya shuka, Rudaina alikuwa anapapasa kiwiko chake.

Mnunuzi wa vyuma chakavu alisema ana nafasi Jumatatu, siku nne baada ya harusi. Wisal alikifunika kitanda kwa mablanketi, akafunga chumba, akatundika ufunguo mahali pake pa siku zote, nyuma ya mlango wa jikoni nyumbani, ambako yeye na Rudaina walikuwa wakitundika funguo zao zote tangu utotoni. Hakufikiri mara mbili.

Kila asubuhi alimkunja mdogo wake mkono wa blauzi. Kila asubuhi kiwiko kilikuwa safi. Hajawahi binadamu kukitamani kigaga kama Wisal alivyokitamani wiki ile. Alikitafuta magotini, alikitafuta kwenye nywele, alimwamsha alfajiri kwa tochi. Rudaina alijiachia kutazamwa, mpole, hirizi shingoni, viganja vyeupe bado viko palepale mgongoni. Gauni alilolichagua lilikuwa wazi mgongo wote. "Tutavipaka poda," alisema Wisal. "Tutavipaka," alisema Rudaina.

Alhamisi, saa nane mchana ikikaribia, zafa ya bwana harusi iliingia mtaani, ngoma na mazumari. Wanawake wote walishuka kuitazama. Juu chumbani, Wisal alifunga mbao za dirisha ili watu wasichungulie, akawasha taa, akafungua kopo la poda, akamgeuza bibi harusi.

Mgongo ulikuwa na rangi moja, kuanzia shingoni hadi kiunoni. Hapakuwa na kiganja hata kimoja.

Moyo wake uliruka kwa furaha, na furaha ile ilidumu muda wa kuvuta pumzi. Akamshika mkono, akaukunja. Kiwiko kilikuwa laini.

"Hirizi iko wapi?"

"Haiendani na gauni, dada."

"Viganja vimekwenda wapi, Rudaina?"

"Nilivifuta. Sikuweza kwenda kwa Muhannad na mikono ya mtu mwingine mgongoni. Nililala mara moja tu, ya mwisho, nipate rangi sawa. Jana mchana."

"Jana mchana hapakuwa na umeme."

"Ndiyo," alisema Rudaina. "Hapakuwa."

Taa ikazimika. Ilikuwa saa yake ya kuzimika. Chumba kikawa cheusi, ngoma zimefika mlango wa chini, na Wisal akawa anapapasa mezani, anaangusha vibano, anatafuta kiberiti ambacho alijua kipo.

"Usihangaike, habibti," ilisema sauti ya mdogo wake, karibu sana, yenye upendo. "Mimi naona."

Ndipo alipohisi harufu ya nywele zilizoungua. Nyuma ya ngoma, hapohapo chumbani, kitu kilikuwa kinavuta pumzi na kuitoa, kuvuta na kutoa. Kisha kiganja cha moto kikatua mgongoni pake, juu kidogo ya kiuno, pale pale panapouma, na vidole vyake vikatandaa, vikaenda, vikafika mbali kuliko vidole vya Rudaina vinavyoweza kufika.

"Na wewe, dada? Bado wapi?"

Chini, Muhannad alikuwa anabisha hodi na watu wanacheka. Wisal alifungua mdomo apige kelele. Angepiga, alijua angepiga. Lakini maumivu ya miaka ishirini yalikuwa yanayeyuka chini ya kile kiganja, na kwanza, kwa muda mdogo tu, akajinyoosha mgongo.