Picha Iliyojaza Nafasi

Kasoro ya kwanza ilikuwa kwenye macho. Picha ile Dada Mpangaji aliipiga mwenyewe kwa simu, mdogo wake amesimama mbele ya mashine ya kukatia karatasi, anacheka, anamtazama mpigaji. Ilipochapwa, mdogo mtu alikuwa bado anacheka, ila macho yalikuwa yametazama pembeni, kama mtu aliyeitwa. Dada mtu akaiangalia, akasema rangi zimehama, akaendelea na kazi. Wachapaji ndivyo walivyo. Jini aje na kwato zake mchana kweupe, wao watasema rangi zimehama.

Sasa tueleweshane. Kiwanda chao cha uchapaji kilikuwa ukumbi mmoja wenye mashine tatu, na pembeni chumba kidogo cha vioo ambamo Dada Mpangaji alipanga kurasa. Mama mmoja, waliyemzoea kwa jina la Mama Kadi, alikuwa ameleta oda ya pakiti mia tatu za kadi za taroti, zile za picha ambazo mtu huzitandaza mezani akasoma mambo yake. Kila pakiti kadi sabini na nane, na kijitabu cha maana zake. Lakini karatasi kubwa hubeba kadi themanini. Zinabaki nafasi mbili, na mchapaji kuacha nafasi wazi roho humuuma. Hujaza chochote, kikatwe, kitupwe. Dada Mpangaji akajaza moja kwa namba ya simu ya kiwanda, nyingine kwa picha ya mdogo wake. Mdogo mtu ndiye aliyekuwa mkataji, na walimwita Kisu kwa jinsi alivyokata bila kukosea hata unywele. Alipoiona sura yake kati ya wafalme na malkia alicheka mpaka machozi, na badala ya kuitupa akaichomeka kwenye pakiti ya sampuli. Hapo hakuna wa kulaumiwa. Walikuwa wanapendana, basi.

Wiki hiyo msimamizi alikuwa anastaafu, na Bosi hajasema nani atashika nafasi. Dada Mpangaji alikuwa na miaka kumi na moja pale, na alikitaka cheo kile mpaka chakula kikawa hakipiti. Mchana mmoja, wenzake wametoka kula, akaichukua sampuli, akafungua kijitabu alichokipanga mwenyewe herufi kwa herufi, akatandaza kadi tano kwa utaratibu wa mambo ya kazini.

Ya kwanza ni wewe mwenyewe. Akapata Malkia wa Panga, mwanamke mkali anayeona kosa la mwenzake toka mbali. Akajiona. Ya pili ni unachokitaka, akapata Mfalme kitini, na hapo hata mtoto angesoma. Ya tatu ni anayekuzuia. Akafunua, akakutana na mdogo wake anacheka.

Naye akacheka, ila kicheko cha midomoni tu. Alijua ni kweli. Juzi alimsikia Bosi akimwambia mteja kwamba yule binti wa kukata ana kichwa cha kuongoza watu. Kadi ya nne, la kufanya, ikawa Gurudumu, na kijitabu kikasema litamke unalolitaka. Ya tano, mwisho wake, ikawa Mtawa, mzee mwenye taa aliyesimama peke yake. Dada Mpangaji akaisoma kwamba hicho ni chumba cha msimamizi, chenye mlango wake, ambacho mtu haingii mpaka abishe. Mwenye hamu akijisomea kadi, kwa kweli ni shughuli.

Akazikusanya, na kwa utani kabisa, huku bado anatabasamu, akasema, "Haya basi, mwondoe."

Mara chumba kikanuka nywele zilizoungua. Akafungua dirisha, akaenda kula.

Ile mashine ya kukatia ina vitufe viwili, kimoja kulia, kimoja kushoto, vimeachana upana wa mikono miwili. Kisu chake hakishuki mpaka vibonyezwe vyote kwa pamoja. Imetengenezwa hivyo makusudi, ili mikono yote ya mkataji iwe juu, usibaki hata mmoja wa kukatwa. Saa kumi jioni ya siku ile ile wafanyakazi walikuwa wanakunywa chai, Kisu amekaa kando ya dada yake na kikombe mikononi, mashine ikakata. Wote wakasikia lile pigo zito. Bosi akasema kwa sauti toka ofisini kwamba Kisu naye ajifunze kupumzika. Watu wakacheka. Kisu hakucheka, wala hakugeuka kutazama.

Kuanzia hapo akawa mzito wa kujibu. Ukimwita, jibu linachelewa, kama linaomba ruhusa kwanza. Mikono yake ikawa ya baridi. Walilala chumba kimoja kwa mama yao, na asubuhi ya tatu, dada mtu akimsuka, Kisu akasema taratibu, "Dada, kuna mtu ananisaidia kazi. Nabonyeza kitufe kimoja, yeye anabonyeza kingine."

Dada Mpangaji akauliza ni nani. Kisu akajibu, "Si unamjua."

Dada mtu hakumaliza kusuka. Akamwendea Bosi, akamwambia mashine ni mbovu. Fundi akaitwa, akaifungua, akajaribu kwa mkono mmoja mara ishirini, kisu hakikushuka hata mara moja. Akasema mashine ni nzima kuliko yeye. Bosi akamtazama Dada Mpangaji kwa jicho la mtu anayeshuku wivu wa cheo, na hakukosea sana.

Basi akabaki nyuma ya vioo vyake, na huko ndiko alikoteswa, maana toka kwenye kiti chake alimwona mdogo wake akibonyeza kwa mkono wa kulia, na wa kushoto, badala ya kukaa kwenye kitufe chake, ukienda taratibu chini ya kisu kunyoosha karatasi ambazo zilikuwa zimeshanyooka, ukikaa pale, vidole vimetandazwa, huku mdomo wake ukichezacheza kama anazungumza na mtu aliyesimama ubavuni, na kisu kikitetemeka juu, kikishuka unene wa kidole kisha kikisita, na kila kiliposita Kisu aliinua uso akamtazama dada yake kupitia kioo, akamtazama muda mrefu, mpaka dada mtu akainuka kukimbilia mashine, na akifika akute mikono yote miwili iko juu, vitufe vyote vimeshikwa, na pale hewani ile harufu ya nywele.

Alimwomba asiende kazini. Alilia, alipiga magoti, alimfichia viatu. Siku moja alimfungia mlango kwa nje, alipofika kiwandani akamkuta keshafika, anakata. Alimwambia kila kitu alichoweza kumwambia. Lile moja tu la zile kadi hakulisema, maana kila alipofungua mdomo aliona aibu, akajipa moyo kwamba kesho.

Siku ya tisa Mama Kadi akaja kuchukua mzigo wake. Akaihesabu sampuli mezani, akafika sabini na tisa, akaishika ile ya ziada kwa ncha za vidole. Hakuuliza picha ya nani. Aliuliza nani aliyezitandaza.

"Mimi," Dada Mpangaji akasema.

"Humu tunaweka watu wasiokuwepo. Wewe umeweka aliyepo. Hii si kadi tena, mwanangu, ni anwani. Aliyekuja kwa anwani hii ulimwagiza nini?"

Akamnong'oneza sikioni. Mama Kadi akafumba macho, akasema angeshukuru kama lingekuwa tusi tu.

Watu wakatolewa nje. Mashine ikachomolewa ukutani. Kisu akaketishwa mbele yake, kichwa kimelala begani kama cha mtoto mwenye homa, na Mama Kadi akaiweka ile kadi chini ya kisu, akafunika macho ya binti kwa kiganja, akaanza kusoma maneno yake kwa sauti ya chini, muda mrefu, jasho likimtiririka, hadi ukumbi wote ukajaa ile harufu na mirundo ya karatasi ikaanza kupumua, ikipanda na kushuka kila mmoja kwa wakati wake. Akaamuru aliyetuma aseme kazi basi. Dada Mpangaji akasema. Akaambiwa aseme tena, kwa moyo. Akasema tena huku analia, na mashine isiyokuwa na umeme ikashusha kisu chake mara moja, ikaikata kadi katikati.

Kisu akaanguka. Dada mtu akamrukia, akamshika mikono, akavihesabu vidole kimoja kimoja. Vilikuwa kumi, na vilikuwa vya moto. Mama Kadi akasema aliyetumwa ametoka, na kweli alikuwa ametoka. Mdogo mtu alilala siku mbili, akaamka anataka uji. Dada Mpangaji alicheka na kulia pamoja, akamlisha kwa kijiko.

Siku ya tatu Bosi akamwita Dada Mpangaji, akamwambia nafasi ya msimamizi ni yake. Kisu, aliyekuwa amekusudiwa kupewa, alikuwa amepiga simu asubuhi, ameikataa, na kazi yenyewe ameacha. Dada mtu hakusubiri kusikia zaidi. Alikimbia mpaka nyumbani, akamkuta mdogo wake anakunja nguo kwenye begi, mzima kabisa, anajibu papo hapo kama zamani.

"Yule wa kunisaidia aliniambia siku ya kwanza," Kisu akasema, hakuinua uso. "Alisema dada yako kanituma nikuondoe. Nikamwambia mwongo. Akanisikilizisha sauti yako, na vile ulivyocheka."

"Nilikuwa natania, mdogo wangu. Wallahi nilikuwa natania."

"Najua. Kila siku nilikuwa nangoja uniambie hivyo." Akafunga zipu. "Mkono nilikuwa nauweka mwenyewe, dada. Yeye alikuwa anabonyeza, na ndiye huyo huyo aliyekuwa anakizuia kisu kisishuke. Nilitaka nione kama utasema kabla hajachoka kukizuia."

Dada Mpangaji akafungua mdomo, na safari hii maneno yalikuwepo yote, yamepangana vizuri kabisa. Kisu akambusu mama yao, akabeba begi lake, akatoka. Dada mtu alisimama mlangoni anamwita kwa jina lake la utotoni mpaka akapinda kona, na hakugeuka.