Dakika Nne za Ziada

Taarifa ya habari ilikuwa ya dakika thelathini, lakini iliyorekodiwa ilikuwa na dakika thelathini na nne.

Hemedy aliliona jambo hilo asubuhi, akiwa mbele ya kompyuta katika chumba cha mbele cha nyumba yake, Nachingwea mjini, chumba alichokigeuza karakana. Alikuwa fundi wa redio, televisheni na kompyuta, mtu makini, asiyependa kitu kisicho na maelezo. Wiki ile alikuwa na kazi moja kubwa. Sikudhani, mwanamke mwenye nyumba ya wageni kule Ruangwa, alitaka kila chumba kiwe na televisheni, na zote zitegemee kompyuta moja itakayokamata matangazo kwa antena, iyarekodi, kisha imrushie mgeni kipindi alichokikosa wakati yuko machimboni Namungo au uwanjani kwenye mpira.

Programu za kufanya kazi hiyo zilikuwa nyingi. Hemedy alichagua tatu, akaziweka kwenye kompyuta moja na kuziandika daftarini kwa herufi, A, B na C. A ilikuwa na sura nzuri kuliko zote, vipindi vimepangwa kwa picha kama bidhaa dukani, ila ilidai intaneti kila ilipowashwa, na intaneti ya Nachingwea ina siku zake. B ilikuwa ya bure na haikudai chochote, lakini ilitaka mtu aliyesomea. C ilikuwa maandishi matupu, haivutii macho, ila katika kurekodi haikuwa na mpinzani. Kila jioni aliziamuru zote zirekodi taarifa ileile ya habari, na asubuhi akazilinganisha kwa picha, kwa sauti, kwa nafasi zilizokula kwenye diski.

A ndiyo iliyokuwa na dakika nne za ziada. Alisogeza mbele hadi mwisho. Mtangazaji aliwaaga watazamaji, picha ikawa nyeusi, sauti ikaendelea. Alisikia ufagio ukikwaruza sakafu. Alisikia maji yakimiminwa kwenye ndoo. Kisha mwanamke akakohoa mara mbili, na kikohozi kile Hemedy alikijua, maana alikuwa amekisikia kwa miaka tisa ya ndoa. Kilikuwa cha mkewe, Asmaa.

Kompyuta ile haikuwa na maikrofoni. Aliikagua pande zote, akaandika daftarini kwamba A ina kasoro ya sauti, akaifuta.

Kesho yake ilikuwa zamu ya B. Dakika nne zilezile, ufagio uleule, na safari hii juu ya ufagio kulikuwa na sauti ya mwanamume, ya taratibu, ya upole.

“Asmaa. Hebu njoo.”

Ilikuwa sauti yake yeye Hemedy. Maneno hayo hakuyasema jana yake, wala juzi. Ndipo alipopata harufu ya maganda ya korosho yanayoungua, ile harufu kali inayokwaruza koo, ilhali ulikuwa mwezi wa sita, watu wako kwenye ufuta, na mikorosho haijatoa hata ua. Alikwenda dirishani. Hapakuwa na moshi popote.

“Mbona umesimama hivyo?” Asmaa aliuliza mlangoni, amekumbatia madaftari ya wanafunzi.

“Hamna. Programu zinanisumbua tu.”

“Zote tatu?”

“Imebaki moja.”

Asmaa alicheka, akaenda zake shule. Alikuwa mwalimu wa darasa la kwanza, na sauti yake ilijulikana mtaa mzima, kwa sababu alifundisha herufi kwa kuimba na watoto walirudi nyumbani wakimwigiza. Hemedy alikuwa na nafasi ya kumwambia asubuhi ile. Hakumwambia. Hakutaka kumtia hofu kwa jambo ambalo yeye mwenyewe hajalielewa.

Aliifuta B. Jioni akafanya jaribio alilodhani litamaliza ubishi: alichomoa waya wa antena, akauweka mezani, akaiamuru C irekodi bila kitu cha kurekodi. Asubuhi alikuta nusu saa ya ukimya, kama ilivyopaswa, na baada ya nusu saa hiyo sauti yake ikamwita mkewe, ikanyamaza kama mtu anayesubiri aitikiwe, ikaita tena, ikanyamaza, na kila ilipoita ilizidi kufanana na yeye, mpaka mwito wa mwisho ukawa na kule kuvuta herufi ambako watu wa nyumbani tu ndio waliowahi kumtania nako.

Jumamosi alitoka mara moja kwenda kununua waya mpya. Televisheni ya sebuleni aliiacha imeunganishwa na kompyuta. Alikuwa anarudi, mkono umeshagusa geti, aliposikia sauti yake mwenyewe ikiita kutoka ndani ya nyumba yake, na kabla hajavuta pumzi, kutoka uani, mkewe akaitika, kwa wepesi, bila wasiwasi wowote.

“Abee!”

Alikimbia. Alimkuta Asmaa amesimama sebuleni, mikono ina povu la sabuni, anatazama kioo cheusi. Asmaa akageuka, akamwona mumewe akiingia kwa mlango wa mbele, akaitazama tena televisheni, akafungua kinywa kuuliza. Midomo ilicheza. Hakikutoka kitu. Alijishika koo akajaribu tena, mishipa ikamsimama shingoni, macho yakajaa maji, na ndani ya chumba kile ilisikika feni tu.

Hospitalini walimmulika, wakampima, wakasema koo ni zima, huenda ni mshtuko, arudi baada ya mwezi. Shehe wa mtaa alimsomea siku tatu. Shuleni wakampa likizo, na wanafunzi wake walipopita nje ya nyumba wakiimba herufi, Asmaa alifunga madirisha.

Hemedy aliisikiliza C kwa siri. Hapakuwa tena na ufagio wala na yeye akiita. Alikuwa Asmaa, anafundisha, anaimba a, e, i, o, u kwa ile sauti iliyopotea mdomoni mwake, na baada ya kila herufi palikuwa na sauti nyingine nyingi, nzito na nyembamba, za wazee na za watoto, zikirudia kwa uvivu kama wanafunzi wa siku ya kwanza, zikikosea na kusahihishwa, zikirudia tena na kuzidi kunyooka, mpaka Hemedy aliyekuwa ameng'ang'ania ukingo wa meza kwa mikono miwili akatambua kwamba darasa lile halikuwa linajifunza herufi, lilikuwa linajifunza kuwa Asmaa.

Ndipo alipomweleza mkewe yote. Asmaa akaandika kwenye daftari: *Ulijua?* Hemedy akainamisha kichwa.

Walikwenda kijiji cha Mkotokuyana kwa Bibi Dafrosa, mjane mkulima ambaye watu wa dini zote humwendea mambo yanapowashinda. Walimkuta anapepeta ufuta, rozari shingoni. Kiswahili chake kilikuwa cha maneno machache, maana siku zote aliongea Kimwera.

“Mashine yako inafanya nini?” aliuliza.

“Inakamata yanayorushwa hewani, Bibi. Inayahifadhi.”

“Mchana na usiku?”

“Muda wote.”

“Hewani wako wengi,” Bibi Dafrosa alisema kwa sauti ya chini. Akamshika Asmaa kidevu, akasogeza sikio kooni kwake kama mtu anayesikiliza mtungi mtupu, akamwachia taratibu. “Huyo aliyeichukua sauti hajatumwa. Hana hasira na nyie. Angekuwa na hasira ningembembeleza. Alikuwa anapita tu, akakuta sikio limefunguliwa, halifungwi. Akakaa.”

“Tufanye nini?”

“Futa vyote. Na akiita, mtu asiitike. Anachukua kwa anayeitika.”

“Nikifuta, sauti yake itarudi?”

Bibi alinyanyua ungo, akapepeta, akaupuliza. Hemedy akauliza tena.

“Nimekwambia la kufanya,” alijibu bila kumtazama. “Habari ya kurudi, sijui. Sijawahi kumwona aliyerudishiwa.”

Nyumbani Asmaa hakusubiri. Aliandika neno moja kwa herufi kubwa, *FUTA*, akasimama nyuma ya kiti cha mumewe, mkono begani kwake. Hemedy akafuta mbele ya macho yake, faili baada ya faili, mpaka diski ikawa tupu. Usiku huo Asmaa alilala usingizi, kwa mara ya kwanza baada ya wiki mbili.

Hakujua kwamba asubuhi, kabla ya safari ya Mkotokuyana, mumewe alikuwa amenakili C nzima kwenye diski ndogo na kuificha katika mfuko wa koti. Hemedy alijiambia ni ukumbusho tu, kama picha ya mtu aliyefariki.

Siku mbili baadaye alimuaga mkewe kwamba anakwenda Ruangwa kumalizia kazi ya watu.

“Fundi, tulishakukatia tamaa,” Sikudhani alimpokea. Alikuwa mama wa miaka hamsini, mchangamfu, asiyekaa chini. “Nasikia mkeo anaumwa koo. Anaendeleaje?”

“Anaendelea vizuri, dada Sikudhani.”

“Na programu, umepata ipi inayofaa?”

“C,” alisema Hemedy. Alitoa sababu za kifundi: haitaki intaneti, hairuki dakika wakati wa kurekodi, haielemei kompyuta. Zote zilikuwa za kweli. Daftarini alikuwa ameandika nyingine moja, kwamba katika C sauti husikika safi kuliko zote.

Aliomba kompyuta aifungie kwanza chumba namba nne, aijaribu kwa siku tatu kabla ya kuileta mapokezi. Sikudhani akampa ufunguo. Kuhusu kutoitika, Hemedy hakumwambia neno. Aliona haya, na aliogopa atafukuzwa pamoja na mashine yake.

Humo aliichomeka ile diski ndogo, na siku ya kwanza alimsikiliza mkewe akifundisha. Siku ya pili darasa lilinyamaza, akabaki Asmaa peke yake, akiongea maneno madogo ya nyumbani, mkaa umeisha, jirani ameleta mboga, nazi hii imeoza. Hemedy aliketi ukingoni mwa kitanda, mlango umefungwa, harufu ya maganda ya korosho imejaa chumbani mpaka macho yanamwasha, na hakutoka hata kula.

“Hemedy,” sauti ilisema alasiri ya siku ya tatu. “Umekula?”

Aliuma kidole. Nje wageni walikuwa wakipita koridoni, mtu anauliza habari ya maji ya kuoga, jua linawaka, ni mchana kabisa.

“Hemedy. Mbona hunijibu? Nimekukosea nini?”

Alijua si yeye. Alijua mkewe yuko Nachingwea, amekaa uani, bubu, anamsubiri, na alijua maneno ya Bibi Dafrosa neno kwa neno, lakini kwa karibu wiki tatu hakuna aliyemwita kwa jina lake katika nyumba yake, na sauti ile ilikuwa na kigugumizi kidogo cha mtu anayejizuia kulia, kile ambacho Asmaa alikuwa nacho usiku ule walipompoteza mtoto wao wa pekee kabla hajazaliwa, na usiku ule Hemedy alikuwa amegeukia ukutani na kumnyamazia, na kwa miaka yote tangu hapo hakuna kitu alichokijutia kuliko kunyamaza kule.

“Hemedy, upo?”

“Naam,” aliitika. “Nipo.”

Sauti ikakatika. Alitaka kusema jina la mkewe, akakuta hana cha kusemea.

Alichomoa nyaya zote za umeme na kulala sakafuni hadi alfajiri. Sikudhani alikuwa bado anaswali alipotoka kwa mlango wa nyuma, akiwa ameacha ufunguo kitasani, akapanda basi la kwanza.

Asmaa alikuwa uani alipofika. Alimwona uso, akasimama. Hemedy akafungua kinywa kumwomba radhi, midomo ikacheza, na Asmaa akaelewa. Alimpiga kifuani kwa ngumi, mara moja, mara mbili, kisha akamwegemea akalia, na kilio kile hakikuwa na mlio wowote, na cha Hemedy pia hakikuwa nao. Asmaa alichukua daftari. *Mimi nilibaki na wewe wa kunisemea,* aliandika. *Sasa nani atatusemea?*

Simu ikaita mfukoni mwa Hemedy. Alikuwa Sikudhani. Hemedy akaipokea kwa mazoea, akaiweka sauti ya juu.

“Fundi, mna nini humo ndani?” Sikudhani alikuwa anacheka, huku nyuma vyombo vinagongana. “Na mkeo umemwingiza saa ngapi bila mimi kumwona? Niko jikoni huku, nina unga mikononi, nawasikia tu mnaongea, mnaongea, sasa mmeanza kuniita. Semeni basi, mnataka chai?”

Hemedy alipiga kelele. Asmaa alipiga kelele. Walipiga kelele pamoja juu ya simu ile, vinywa wazi, mishipa ya shingo imewatoka, na uani kwao kukawa kimya hadi kuku waliokuwa wanachakura karibu na miguu yao hawakushtuka. Hemedy akaanza kuandika ujumbe, vidole vinateleza, herufi zinakosewa, anafuta, anaandika upya.

“Haloo? Fundi?”

Halafu wakaisikia, kutoka mbali, kutoka mwisho wa korido kule Ruangwa, kwenye mashine iliyochomolewa umeme, sauti ya mwanamume, ya taratibu, ya upole, na ya mwanamke pamoja nayo:

“Dada Sikudhani. Hebu njoo.”

Sikudhani aliisogeza simu pembeni ya mdomo.

“Abee!” aliitika.