Mwalimu wa Pili wa Révérien

Mwaka wa 1992, katika shule moja ya mtaa wa Niboye, mwalimu mpya wa muziki alimshukuru Mukandayisenga kwa msaada ambao hakuutoa.

"Madamu, jana ulivyokaa nyuma yangu ukanihesabia mapigo, darasa lilienda vizuri sana."

Mukandayisenga alikuwa amefundisha nyimbo miaka kumi na tisa, na tangu Septemba alikuwa amekabidhiwa kijana huyo, Révérien, amwongoze kazini. Muhula mzima alikuwa ameingia darasani kwake mara mbili tu. Na hiyo jana alikuwa mtaa wa Gatsata, kwa dada yake mgonjwa.

Alasiri ile akaenda kuketi dawati la mwisho.

Révérien alianzisha wimbo. Watoto wakaupokea, na chumba kikajaa harufu ya udongo mbichi, kama wa kaburi lililochimbwa asubuhi. Ndipo Mukandayisenga akasikia sauti nzito ya mwanamke ikihesabu. Akawatazama watoto mmoja mmoja, akatazama dirishani, akageukia hata ukuta mtupu nyuma yake, na sauti ikaendelea bila kukosea pigo, ikimsifu Révérien kwa jina, ikimwambia ainue kidevu, afungue koo, asimsikilize mtu mwingine yeyote, hasa yule mama aliyeketi nyuma.

Kengele ikalia. Watoto wakatoka mbio.

"Umemsikia?" Révérien alinong'ona. Macho yaling'aa kwa furaha, na hilo ndilo lililomtisha Mukandayisenga zaidi.

"Tangu lini, mwanangu?"

"Wiki tatu. Nilikuwa nalia hapa peke yangu, akaniuliza kama nataka kujua kazi. Nikasema ndiyo."

"Na yeye anataka nini?"

"Kila akinifundisha wimbo, mmoja wangu unapotea. Jana nimetafuta ule wimbo mama alikuwa ananiimbia. Hauko tena." Furaha ikamwisha usoni. "Madamu, sasa hata jina la mama silikumbuki."

Mukandayisenga hakukosa misa hata Jumapili moja, lakini kesho yake alimleta Shafiq, fundi cherehani ambaye Waislamu wa mjini walimwita kila mara mtu akipandwa na jini. Walifunga mlango wa darasa wakiwa na Révérien. Shafiq akasoma Kurani, akauliza, "Wewe ni nani? Umefuata nini kwa huyu?"

Mdomo wa Révérien ukajibu kwa sauti ile ya kike. "Ninyi mlimwacha peke yake. Mimi sikumwacha."

Mukandayisenga alihisi maneno yale yakimchoma. Akamshika kijana mikono yote miwili.

"Ni kweli, nilikuacha. Nisamehe, mwanangu. Kuanzia leo nitakuja kila siku."

Shafiq akapandisha sauti. Vioo vya madirisha vilitetemeka, harufu ya udongo, iliyokuwa imerudi, ikakatika ghafla, na Révérien akaanguka akilia, "Mukamana! Mama anaitwa Mukamana!"

Jumatatu Révérien alifundisha kwa sauti yake mwenyewe, ya kutetemeka, yenye makosa. Mukandayisenga akasimama ubavuni mwake, akamwekea kiganja mgongoni kumtuliza.

Chini ya kiganja akahisi pumzi mbili kwa wakati mmoja: moja ikiingia, nyingine ikitoka.